HD ao SD? Namna ya kupima picha ya tele yako mbele ya kuongeza feza ya abonema

Maswali iko paka ileile. “Nililipa buke ya HD lakini sione tofauti, banatudanganya?” “Jirani yangu hapa Katindo, Goma, ako na tele ndogo kuliko yangu lakini picha yake iko safi, ju ya nini?” “HD ni shene ao ni tele?” Leo mutu mumoja, kesho mwingine, na kila mara najibu mu vipande vipande. Njo maana naandika yote fasi moja. Kwa ufupi: SD ni picha ya kawaida ya vidoti bichache, HD ni picha ya vidoti mingi, na buke ni kifurushi ya shene yenye unalipia. Soma polepole, fanya hatua moja moja, kisha utajua mwenyewe kama kwa nyumba yako HD inastahili ile feza ao hapana.

Niseme wazi tangu mwanzo vile ninaona: batu bengi benye banasema HD ni uongo, habajaona HD ata siku moja kwa tele yao, ata kama banalipa kila mwezi. Kable njo inabazuia, ao reglaje ya dekoda, ao umbali ya kiti. Na upande ingine pia kuko shene zenye ziko HD kwa jina tu, picha ya ndani ni SD yenye banavuta mpaka ijaze ekrani. Sasa bila kupima vizuri hauwezi jua uko kwa kundi gani.

Teori kidogo, ile yenye utahitaji tu

Picha ya tele ni vidoti. Shene ya SD ya huku kwetu, kwa mufumo ule tulirizi kutoka Ulaya, iko na vidoti 720 kwa upana na mistari 576 kwa urefu, ni kusema karibu 415.000. HD iko aina mbili: 1280 kwa 720, inafika vidoti 921.600, na 1920 kwa 1080, inapita milioni 2, mara tano ya SD. Ukiona dekoda inaandika 576i ni SD, 720p na 1080i ni HD. Ile herufi “i” inasema picha inatumwa nusu nusu, mistari ya namba moja, tatu, tano mbele, kisha mbili, ine, sita, na tele yako njo inaunganisha.

Kitu ya pili ni debi, maana yake data ngapi inapita kila sekonde. Hii njo batu hawaulizake na njo iko na nguvu sana. Shene ya SD yenye inakula vizuri inaweza pita kabisa HD yenye njaa. Vidoti ni mingi lakini data haitoshe kubijaza, basi picha inatoka miraba miraba kila mara mupira inakimbia. Hiyo tu, teori imeisha.

Bintu byenye unahitaji mbele ya kuanza

- Tele, na ujue ekrani yake iko na vidoti ngapi kwa kweli. Angalia nyuma, ao kwa kartoni, ao tafuta modeli kwa intaneti. Tele nyingi za inchi 32 zenye zinauzishwa Birere ziko 1366 kwa 768, ata kama mbele banabandika karatasi kubwa ya HD. Hiyo haiko mubaya, lakini ujue haitaonyesha vidoti byote bya 1080.
- Dekoda yenye inakamata HD na iko na tundu ya HDMI (ile ya kable moja yenye inabeba picha na sauti pamoja).
- Kable ya HDMI. Ya kawaida inatosha, nitarudi kwa hiyo.
- Shene moja yenye unaipata mara mbili, namba moja SD, namba ingine HD.
- Metre ya fundi.
- Mutu wa kushika telekomande: muke ao bwana yako, yaya yako, mutoto ya jirani, yeyote mwenye hana haraka.
- Karatasi na biki.
- Saa moja yenye umeme haitaenda. Hapa Goma hiyo ya mwisho njo nguvu kupata.

Hatua ya 1: Tafuta shene pacha

Usilinganishe shene ya habari ya SD na shene ya mupira ya HD, hapo haupimi kitu. Kamera tofauti, mwangaza tofauti, studio tofauti. Unahitaji programu ileile, saa ileile, kwa namba mbili. Pita mu liste ya dekoda yako polepole: buke nyingi ziko na shene za habari ao za mupira zenye zinapita mara mbili, na moja iko na HD nyuma ya jina. Andika zile namba mbili kwa karatasi. Kama dekoda iko na kifungo ya kurudia shene ya mwisho, muzuri sana, utaruka kati ya hizo mbili kwa kidole kimoja.

Jua kama mara nyingi moja inachelewa sekonde kazaa nyuma ya ingine. Hiyo haina maana kwa kalite, ni vile banaifunga na kuituma. Ngoja tu ile picha ileile ifike kwa pande zote mbili.

Kama hauna pacha ata moja, basi subiri matchi kubwa yenye inapita kwa shene mbili tofauti siku moja. Si sawasawa, lakini afazali kuliko kulinganisha mupira na novela.

Hatua ya 2: Angalia kable, kweli kweli

Hapa njo nusu ya maswali inaishia. Enda nyuma ya tele sasa hivi. Kama unaona kable ya rangi tatu, manjano, nyekundu na nyeupe, basi ata kama shene iko HD, ata kama dekoda iko HD, ata kama unalipa buke ya juu kabisa, picha yenye inafika kwa ekrani ni SD. Ile ya manjano haiwezi beba HD. Haijawahi na haitaweza. Nyekundu na nyeupe ni za sauti.

Chomoa, weka HDMI, kisha kwa telekomande ya tele badirisha entrée iende kwa HDMI 1 ao 2, vile ulichomeka. Na usitupe ile ya rangi, weka pembeni, kuko siku itakuokoa (utaona kule chini).

Kuhusu bei: usikubali mutu akuuzishie HDMI ya bei kali eti ju iko na zahabu kwa mudomo na “inatoa picha safi zaidi”. Kwa metre moja ao mbili, kable ya kawaida inabeba 1080 bila shida. HDMI ni namba, picha inafika nzima ao inakatika, inatoa vidoti bya kungaa ao ekrani nyeusi. Haiwezi fika na rangi ya kufifia kidogo ju kable ni ya bei rahisi. Kitu ya kuangalia ni kama mudomo inashika nguvu mu tundu na haichezeceze.

Onyo: pima SD na HD zote mbili kwa HDMI. Kuko benye banaacha SD kwa kable ya rangi na HD kwa HDMI, kisha banashangaa tofauti iko kubwa vile. Hapo umepima kable, haujapima shene.

Hatua ya 3: Reglaje ya dekoda

Ingia menyu ya dekoda, tafuta fasi ya video ao ya picha, kwa Kifaransa inaandikwaka “Résolution” ao “Sortie vidéo”. Dekoda nyingi zinatoka kartoni ziko 576, ao fundi aliacha vile ju alikuwa na haraka ya kushuka kwa paa. Weka 1080i, ao 720p kama tele yako ni ile ya 1366 kwa 768 na unaona 720 inatoka vizuri zaidi. Jaribu zote mbili, hakuna sheria.

Kisha format ya ekrani: weka 16:9, ile ya ekrani pana ya leo. Na ile kitu ya kujaza ekrani kwa nguvu, izime. Kama programu ilichukuliwa mu 4:3, ile format ya zamani yenye iko karibu muraba, acha ikuwe na nguzo nyeusi pembeni. Najua batu bengi hawapende ile nguzo, banaona sawa banaibiwa ekrani, lakini ukiivuta unapata batu banene, mupira ya mayai, na tena unavuta vidoti byenye ilikuwa bichache tayari.

Hatua ya 4: Toa mapambo ya tele

Tele mpya zinakuja na mode ya duka: rangi inawaka, mwangaza juu kabisa, kila kitu inachomeka macho ili ikushike pale kwa muuzishaji. Ile mode inafunika tofauti yenye unatafuta. Kwa menyu ya picha:

Toa “Dynamique”, weka “Standard” ao “Cinéma”. Punguza “Netteté” mpaka karibu na chini. Hapa batu banabisha kila mara, banasema “netteté si njo usafi?” Hapana. Ile reglaje haiongeze kitu yenye haiko, inachora tu mustari mweupe pembeni ya kila kitu, na kwa SD inafanya miraba ionekane mara mbili zaidi. Zima pia “Réduction de bruit”, ju inapaka picha na inafuta majani, nywele, bitambaa, byenye tutaangalia mu hatua ya 7. Zima na ile yenye inafanya filamu iteleze sawa novela.

Fanya yote hii kwa entrée ya HDMI yenye dekoda iko. Tele nyingi zinachunga reglaje tofauti kwa kila entrée, ukiregle kwa antene haibadirishe kitu kwa HDMI.

Hatua ya 5: Pima umbali ya kiti

Kamata metre. Macho ya mutu iko na mupaka, ukikaa mbali sana, HD na SD inakuwa kitu moja, na hapo hakuna buke yenye itakusaidia. Kwa mutu mwenye macho muzuri, hesabu inatoka karibu hivi:

Tele ya 32: ukipita metre 2 na nusu, tofauti ya SD na HD inaanza kupotea. Ili uone 1080 yote kwa ukamilifu ungekaa karibu metre moja na sentimetre 30, na hakuna mutu anakaa vile mu salon.
Tele ya 43: mupaka ni karibu metre 3 na sentimetre 20.
Tele ya 55: karibu metre 4.

Sasa angalia salon zetu. Tele ya 32 iko juu ya ukuta, viti viko kwa ukuta ya mbele, metre ine, katikati meza. Pale mutu analipa HD na macho yake haiwezi kuiona. Kwa jaribio hili sogeza kiti mpaka metre moja na nusu ao mbili. Ukiisha kuona tofauti, rudi kwa fasi yako ya kila siku uangalie kama bado inaonekana. Ile jibu ya pili njo inakuhusu wewe na mufuko yako.

Hatua ya 6: Angalia signal, na angalia mbingu

Kwa menyu ya dekoda kuko mistari mbili, moja ni nguvu, moja ni kalite. Fata kalite. Nguvu inaweza kuwa juu na kalite chini, hapo parabole inakamata makelele.

Kitu yenye batu banachanganya: zamani na antene ya analojia, signal zaifu ilileta teluji na picha ya kufifia. Kwa numerike haiko vile. Picha inatoka nzima mpaka pale signal inaanguka chini ya mupaka, kisha inavunjika miraba, inagandama, inapotea. Basi kama picha yako iko ya ukungu lakini haikatike, usipande kwa paa kugusa parabole, shida haiko kule. Utaharibu kitu yenye ilikuwa muzuri.

Usipime wakati mvua inakaribia. Wingu nzito inakula signal ya satelite, na mara nyingi shene za HD njo zinaanguka za kwanza, ju zinatumwa kwa namna yenye inaomba signal safi zaidi. Utasema HD ni mubaya kumbe ni mvua ya saa kumi. Na hapa Goma ongeza kitu ingine: moshi ya volkano na mvua yenye inapita ndani yake inakula mabati, basi inakula na midomo ya kable kule juu pia. Kama kalite inashuka polepole mwezi kwa mwezi, mbele ya kuregle parabole, fungua ule mudomo wa kable uangalie kutu.

Hatua ya 7: Ujue unaangalia nini

Batu banakaa mbele ya tele na banauliza “iko muzuri?” Muzuri wapi? Uso wa mutangazaji wa karibu unaonekana vizuri ata kwa SD, ju kamera iko karibu na studio iko na taa. Angalia bintu byenye SD inashindwa:

Majani ya kiwanja. Hii njo ya kwanza kwangu. Kamera ikiwa mbali, kwa HD unaona majani na ile mistari ya kukata, kwa SD unaona karpeti ya kijani. Kisha kamera ikianza kukimbia na mupira, angalia tena: HD ya debi ndogo inageuka karpeti pia, na mupira ikisimama majani inarudi polepole. Ukiona ile, ujue shene iko na vidoti lakini haina data.

Namba kwa mugongo ya muchezaji wa mbali. Unasoma ao unabahatisha?

Maandishi madogo. Ile mustari wa habari wenye unapita chini, na score kule juu pembeni. Angalia pembeni ya herufi: kwa SD kuko ka-wingu kanazunguka herufi, kwa HD iko imekatwa safi. Lakini jihadari hapa! Maandishi banaweka kwa studio, yanaweza kuwa HD safi wakati picha ya chini yake ni SD ya kuvutwa. Ukiona herufi zinakata sawa kisu na batu banaonekana sawa nyuma ya kioo ya musala, shene inachanganya.

Maji na batu bengi. Mawimbi ya ziwa, mvua, batu mu tribune, karatasi za rangi zenye zinarushwa kisha kombe. Hakuna kitu inatesa shene sawa hiyo, ju kila kidoti kinabadirika kila mara. Kama iko siku banaonyesha Ziwa Kivu na mawimbi, acha chakula ukimbie uangalie.

Mistari ya kulala upande: kamba za goli, nguo za mistari, madirisha ya nyumba refu. Kwa SD zinatetemeka na zinaota ngazi. Kama kwa HD unaona meno meno sawa ya kichanuo wakati mutu anakimbia, hiyo ni ile “i” ya 1080i, tele ao dekoda haiunganishe vizuri zile nusu mbili. Jaribu 720p.

Onyo kubwa: usihukumu HD na picha ya archive. Kila mara banaonyesha Léopards wa Zaïre kule Ujerumani 1974, timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia, mutu anasema “na hii mnaita HD?” Ile video ilichukuliwa na kamera za wakati ule, mu 4:3, na hakuna shene ya leo inaweza zaa vidoti byenye kamera haikukamata. Filamu ya senema ya zamani ni hadisi ingine, ile ilichukuliwa kwa pelikule, bakiiskani upya vizuri inatoka HD ya kweli. Basi ukiona senema ya zamani iko safi kuliko matchi ya zamani, usishangae.

Hatua ya 8: Jaribio la kufunga macho

Macho yanadanganya, kichwa inadanganya zaidi, mutu akisha lipa anataka aone feza yake. Fanya hivi: wewe fumba macho ao geuka, mwenye kushika telekomande aweke moja ya zile namba mbili, angoje mpaka ile bande ya jina ya shene ipotee (ju kule banaandika HD, utasoma tu), kisha akuite. Angalia kidogo, sema “HD” ao “SD”, yeye aandike bila kukujibu kitu. Rudieni mara kumi, achague bila mupango, asikuwe anapitisha moja moja kwa zamu. Mwisho muhesabu.

Ukipata tisa ao kumi, unaona tofauti. Ukipata tano ao sita, unabahatisha, sawa na kurusha feza juu. Fanya kwanza kwa karibu, kisha kwa kiti yako ya kila siku. Na muite na wale wengine ba nyumbani, ju mama mwenye anahitaji miwani na kijana wa miaka kumi na tano hawaone kitu moja, na wote banaangalia ileile tele.

Hatua ya 9: Pima debi (kama dekoda inakubali kurekodi)

Hii haiko ya lazima lakini naipenda kuliko zote, ju namba haibishane. Weka kle USB, rekodi dakika 5 ya SD, kisha dakika 5 ya HD, programu ya aina moja. Angalia uzito wa kila fishie. Kamata megabaiti, mara 8 (baiti moja ni biti 8), gawa kwa 300 (sekonde za dakika 5). Mufano, fishie ya megabaiti 150: 150 mara 8 ni 1.200, gawa kwa 300 unapata megabiti 4 kwa sekonde.

Kama dekoda ni ya shene za bure na fishie inafunguka kwa ordinatere, ifungue na VLC (programu ya kuangalia video), fina Ctrl na J pamoja, itakuonyesha ukubwa wa picha na namna ilifungwa. Hapo njo unakamata shene zenye zinaandika HD kwa jina kumbe ndani ni 720 kwa 576. Fishie za buke ya kulipia mara nyingi zimefungwa, hazifunguke inje ya dekoda, usipoteze usiku wako.

Usilinganishe namba bila kuangalia namna picha ilifungwa (MPEG-2 na MPEG-4 ni namna mbili za kubana picha): MPEG-2 ya zamani inahitaji data mingi kuliko MPEG-4 ili itoe picha ileile. SD ya MPEG-2 kwa megabiti 4 na HD ya MPEG-4 kwa megabiti 4 haziko ndugu.

Makosa yenye narudi kuona

Kupiga picha ekrani na telefone, kutuma kwa WhatsApp, kisha kuuliza “gani iko muzuri?” Telefone inaongeza mistari yake, WhatsApp inabana tena, na mwenye anaangalia kule Bukavu ako na kaekrani ka kidole. Hakuna mutu anaweza jibu.

Kulinganisha tele mbili. Tele ya jirani na yako ziko na ekrani tofauti na reglaje tofauti. Beba dekoda yako kwake ao alete yake, muweke kwa tele moja, hapo muko mu njia.

Kufikiri stabilizatere inasafisha picha. Inalinda tele wakati umeme inapanda na kushuka, na kwa hiyo nasema nunua. Lakini haiongeze ata kidoti kimoja.

Na kwa wale ba intaneti: HD ya megabiti 5 kwa sekonde inakula gigabaiti 2 na robo kwa saa moja, SD ya megabiti 1 na nusu inakula karibu 0,7. Programu nyingi zinashusha kalite yenyewe bila kukuambia wakati rezo inakuwa ndogo, basi uichague kwa mukono mbele ya kupima, la sivyo utapima rezo.

Kama kuko shida

Shene ya HD inatoa sauti lakini hakuna picha. Dekoda ni ya zamani, inajua MPEG-2 tu, shene iko MPEG-4. Hakuna reglaje, ni kubadirisha dekoda.

Shene ya HD haionekane ata mu liste. Fanya kutafuta shene upya. Kama bado, ao dekoda haikamate namna mpya yenye banatumia kutuma ile shene, ao buke yako haina ile shene. Uliza mbele ya kulipa.

Nilibadirisha résolution, ekrani ikakuwa nyeusi. Ngoja kwanza, dekoda nyingi zinarudi zenyewe nyuma ya sekonde chache kama haukuhakikisha. Kama haikurudi, rudisha ile kable ya manjano, geuza tele kwa AV (entrée ya kable ya rangi), mara nyingi utaona menyu pale, ushushe mpaka 720p ao 576. Njo maana nilisema usiitupe.

Miraba inatokea kwa HD tu, SD iko muzuri. Angalia kalite ya signal kwa ile shene yenyewe, si kwa ingine. Kama iko chini, kutu, parabole imesogea, ao kable ya kushuka imeumia. Kama iko juu na miraba inakuja paka wakati bintu vinakimbia, ni debi ya shene, hauna kitu ya kufanya kwako.

Tele mpya ya 55, SD iko mubaya kuliko kwa tele ya zamani. Ni kawaida. Vidoti ni bilebile 415.000, sasa unabitandika kwa ekrani kubwa na uko karibu. Rudi nyuma metre moja, ao kamata shene ya HD kama iko.

Jirani anapiga kelele ya goli mbele yangu. Ako kwa SD, ao kwa antene, ao kwa operatere ingine. Hakuna reglaje ya hiyo, funga dirisha.

Picha ya HD iko safi lakini sauti hakuna. Shene inatuma sauti ya Dolby, aina moja ya kufunga sauti, na tele yako haiijue. Kwa menyu ya sauti ya dekoda toa Dolby, weka PCM (sauti ya kawaida) ao stereo, itarudi palepale.